Chuma Kile Si Ngoma

9 Machi

Kwako dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani, wewe na mama na wote wa mashineni. Mimi mzima, ila usingizi sina na koo limekauka kwa kushinda studio. Dawa za mama za miguu nimezituma kwa basi pamoja na barua hii, mwambie asimgawie jirani. Nakuandikia kwa sababu najua masikio yako na simu havielewani siku hizi. Mara ya mwisho nilikuuliza mvua imenyesha lini ukanijibu "ndiyo, wote wazima."

Sasa nikuambie. Albamu imekamilika. Wakubwa wa kampuni walikaa kuisikiliza, na ilipoisha mmoja alivua miwani, akaifuta taratibu, akaniuliza, "Na Asali yuko wapi?" Nikamwambia Asali amekwisha. Miaka yote hii nimeitwa jina hilo na nimeimba nyimbo za harusini na za tangazo la sabuni, sauti imepakwa sukari mpaka nikijisikia redioni meno yananiuma. Safari hii hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna wasichana wa kuitikia "mpenzi, mpenzi." Kuna mashine ya kusaga. Kuna mkanda unavyopiga kofi ukilegea, kuna chekeche, kuna magunia yanatupwa chini, kuna Kipara anakohoa pumba. Juu ya hayo yote naimba kwa sauti yangu ya chini, ile ya kukwaruza uliyokuwa unaicheka tulipokuwa tunafua pamoja.

Ndiyo maana nilikuja kule mashineni na yule fundi wa sauti. Nilikwambia tunarekodi kumbukumbu ya familia. Ni kweli ni kumbukumbu ya familia, ila ni ya kuuza. Usinune. Wimbo wa kwanza unaitwa "Zima" na unatoka wiki ijayo. Ukiusikia, utaujua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nisalimie mama, nisalimie Kipara.

Mdogo wako


2 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Dawa za mama zimefika na miguu imepungua kuvimba. Sasa anatembea mpaka nyumba ya nne kukusifia, redio ameibeba kifuani kama mtoto mchanga. Mashine ya pili tumeibadilisha puli. Mke wa Kipara amejifungua mapacha. Ukitaka kuwatumia nguo, tuma za aina moja, mama yao hataki ugomvi.

Salamu zimeisha.

Umechukua ishara ya mkono. Niliusikia wimbo wako dukani nikiwa nanunua sabuni, nikaangusha sabuni, nikaanza kutafuta swichi kwenye ukuta wa duka la watu. Muuzaji akanicheka. Nilitoka pale, na sijui kama nilimlipa.

Ngoja nikukumbushe, maana naona umaarufu umekufuta kichwa. Kile kipande cha springi ya lori kinachoning'inia kati ya mashine mbili, baba hakukitundika kiwe pambo. Mle ndani mtu hamsikii mtu. Ukikipiga mara moja, mteja amekuja. Mara mbili, mkanda umelegea. Tatu za harakaharaka, kimya, halafu moja kubwa, mkono wa mtu umeingia. Ukisikia hiyo unaachia ulichoshika, hata kama ni mayai, unakwenda kwenye swichi unazima. Huulizi ni nani. Huendi kuangalia. Unazima kwanza. Hivyo ndivyo vijana wawili wa kazi wametoka mle na vidole vyao vyote, na wewe uliwaona kwa macho yako.

Hiyo ndiyo uliyowapa watu wakatikie viuno.

Na namna ulivyoichukua! Ulikaa kwenye kiti cha baba, ukanywa chai yangu, ukaniambia, "Dada, hebu piga ile ya mkono, nina hamu tu ya kuisikia." Nikawazungukia wote, mmoja mmoja, kuwaambia leo ni ya maonyesho. Nikazima mashine zote mbili. Ndipo nikapiga. Nilizima kwanza, uliona. Na yule fundi wako amesimama na mfuko wake, amenitolea meno. Mkono unaosikika kwenye wimbo huo ni wangu, na hukuniomba.

Utoe. Sina neno na mengine. Imba juu ya mkanda, imba juu ya chekeche, imba juu ya kikohozi cha Kipara, tena amefurahi mjinga yule, anawatoza wateja salamu. Lakini chuma kile si ngoma.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Mama nimeongea naye kwa simu, anasema miguu inamruhusu kucheza. Mpe Kipara hongera, nguo za mapacha zinakuja, za aina moja.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili damu imenichemka. Mama anacheza. Kipara amefurahi. Watu wasionijua wananisimamisha barabarani kunishika mkono. Wewe tu, wewe uliyenifundisha kuhesabu kwa kuhesabu magunia, umenitafutia neno moja zuri umelikosa. Unadhani ilikuwa rahisi? Walionipenda zamani wananitukana. Kuna mtu amevunja rekodi zangu za zamani akanitumia vipande kwa posta. Kampuni ilitaka "Zima" uwe wimbo wa mwisho, ufichwe nyuma, nikagoma, nikalala kwenye kochi la studio mpaka wakakubali. Halafu nitoe kwa sababu uliangusha sabuni?

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Wewe baba alikusikia. Ulizaliwa masikio yake yakiwa mazima. Mimi nilipoanza kuimba mashine ilikuwa imeshamla masikio. Niliposhinda mashindano ya shule nilikimbia mpaka mlangoni pale nikamwimbia wimbo wote, na yeye akautazama mdomo wangu kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgeni amalize. Akanipigapiga bega, akarudi kwenye mkanda. Miaka yote ile aligeuka siku moja tu. Nilikuwa mdogo, nikaichukua spana nikapiga ile ya mkono, kwa mchezo, tatu na moja. Sijui alisikia kwa miguu au kwa mifupa. Aliruka, akazima, akaja akanizaba kibao. Ndicho kibao pekee alichonipiga maishani. Na unajua niliwaza nini huku shavu linawaka? Niliwaza kwamba leo amenisikia.

Kwa hiyo usiniambie kile chuma ni chako peke yako. Sitoi. Kama ishara inakusumbua, badilisheni yenu. Pigeni sufuria.

Mdogo wako


6 Mei

Kwako mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeona.

Mama aliteleza bafuni, hakuumia, amekataa hata kuguswa. Mapacha wanakua. Nguo hazijafika.

"Badilisheni yenu." Umekaa mezani ukaliandika hilo bila aibu. Kipara ameanza kazi mle kabla hujaota meno ya pili. Ishara ile haipo kichwani mwake, ipo miguuni. Nikimbadilishia leo, siku ya hatari miguu yake itabaki inasubiri ile ya zamani. Na hata kama ingewezekana, sibadilishi. Aliitunga baba. Aliyeiharibu ndiye aitengeneze.

Unataka kujua inavyokuwa hapa? Vijana wa kupakia wanaipiga kwenye ndoo. Wanaipiga kwenye mlango wa lori. Wateja wanaipiga kwenye mizani wakisubiri zamu. Mara ya kwanza niliachia gunia nikakimbia kuzima, mahindi yakakwama mdomoni mwa mashine, na tulipowasha tena mkanda ukakatika. Wakacheka. Mara ya pili nikazima, wakacheka zaidi, mmoja akanipigia saluti. Nimepiga marufuku redio mashineni. Nimesema atakayeigonga kwa mchezo akatafute kazi kwingine. Mbele yangu wananyooka. Nikigeuka, nasikia vidole. Juzi nilimkuta Kipara mwenyewe anashona gunia na mguu unagonga. Nilimwangalia tu, akauficha mguu chini ya benchi kama mtoto aliyeiba.

Kuhusu kile kibao. Hukusikia vizuri siku ile, na kwa kuwa umekifanyia wimbo, ujue ukweli wake. Baba hakugeuka kwa sababu alisikia binti yake anapiga chuma. Aligeuka akijua mkono umeingia, na aliyekuwa karibu na mkanda ni wewe. Kabla ya kibao alikushika mikono yote miwili akaigeuzageuza. Hilo umelisahau. Jioni alikaa nyuma ya nyumba akalia, wewe ulikuwa umelala. Nilimwona mimi.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Hamjambo? Mimi sijambo. Mapacha hawajambo?

Nilikaa kimya makusudi, nikisema wewe ndiye mkubwa, utaandika kwanza. Hukuandika. Nikimpigia mama anaongea mbiombio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Dada yako yuko kazini. Dada yako amelala. Dada yako ametoka. Saa nane mchana umelala, wewe? Sawa, umenisusia, nimeelewa. Ila ungenisusia kiume, useme, usimtume mama aseme uongo. Hajui kusema uongo, anaishiwa pumzi.

Ile habari ya baba kunishika mikono imenikaa kooni. Ni kweli nilikuwa nimeisahau. Lakini uliikalia miaka yote hiyo, ukaitoa siku ulipohitaji fimbo. Nimekasirika kwa hilo na sitajifanya sijakasirika.

"Zima" unachezwa mpaka na watu wasiojua lugha yetu. Nakuambia ili ujue, sikuambii ili unipongeze.

Andika. Hata matusi.

Mdogo wako


1 Agosti

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mapacha wanaota meno. Nguo zilifika.

Sijakususia. Kazi nyingi. Mashine ya kwanza imesimama, ya pili inasaga.

Usimbane mama kwenye simu.

Dada yako


19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimeirudisha, maana naona ilikuwa inakukera kuliko wimbo. Mama mzima? Kikohozi cha Kipara?

Nilisubiri miezi mitatu nikapata mistari mitano! Na huo mwandiko ni wa nani? Wewe uliyekuwa unaandikia barua mtaa mzima, watu wanapanga foleni uwaandikie wachumba wao, leo umeniandikia kama kuku aliyekanyaga wino. Herufi nyingine zimelala chali. Uliandikia mgongoni kwa mtu, au ndiyo kunionyesha kwamba sistahili kukaliwa mezani? Kama ni dharau, imefika.

Haya, nisikilize, nina jambo la kumaliza ugomvi. Tarehe ishirini na nane Septemba nina onyesho kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Nimetundikiwa springi ya lori jukwaani, ya kweli kabisa, nzito, watu wanne waliibeba. Wapiga ngoma wamejaribu, haitoki. Wanaigonga kama wageni wanaobisha hodi. Inataka mkono wako. Njoo uipige mwenyewe, mbele ya watu, na mimi nitawaambia huyu ndiye dada yangu, mkono mnaousikia kila siku ni huu hapa. Ulisema sikukuomba. Sasa nakuomba.

Usipokuja, usiponijibu, nitajua kwamba dada sina.

Mdogo wako


5 Septemba

Mkono gani?

Nimeanza bila salamu, leo utanivumilia.

Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi, foleni ya wateja imefika barabarani. Uzi wa gunia ulijisokota kwenye puli ya mashine ya kwanza. Nilipeleka mkono kuunasua bila kuzima. Ndiyo, mimi, ninayewafokea watu kila siku. Uzi ukanikamata kifundo cha mkono, mkanda ukavuta. Mkono wa kushoto ulikuwa huru na spana ilikuwa mahali pake. Nikapiga. Tatu, kimya, moja. Kama tulivyofundishwa.

Waliitikia.

Walikuwa nje wanapakia lori. Siku ile redio haikuwepo, nilikuwa nimeipiga marufuku, unakumbuka. Sikuwasikia, mashine inanguruma na masikio yangu ndiyo haya. Niliwaona tu kupitia mlango. Midomo yote inafunguka pamoja, makofi yanakwenda pamoja. Walidhani mimi, mama mkali, leo nimeamua kufurahi. Wakaniimbia kiitikio chako, "zima, zima, nizime," na wateja nao wakaweka ndoo chini wapate kupiga makofi vizuri. Nikapiga tena. Mmoja akainua mikono juu akazunguka. Nikapiga tena.

Kipara ndiye aliyeingia, anacheka, anacheza akija. Akaniona. Alizima yeye.

Hospitali walifanya walichoweza. Mkono wa kulia haupo, kuanzia juu ya kifundo. Huo mwandiko wa kuku ni wa kushoto, na barua ile ya mistari mitano niliiandika siku mbili nimebana karatasi kwa kiwiko. Hii nimeiandika kwa muda usiotaka kuujua. Umeniuliza kama ni dharau. Soma tena ulivyoniuliza.

Mama alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kuimba. Nikamwambia afadhali. Hatukusemeshana siku nyingi ndani ya nyumba moja, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Baadaye nilinyamaza kwa hiari yangu, maana hasira niliyokuwa nayo ilinishinda kuandika, na mkono huu mpya hauna mbio za kutosha.

Unataka mkono wangu jukwaani. Unao tayari. Upo kwenye wimbo wako, mzima, na vidole vyote. Kwingine haupo. Kila wakiucheza wimbo, ni mkono ule wanaoucheza.

Usije. Usinipe pole kwenye simu, sitaisikia.


30 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Sijui niulize habari za nini. Mama nimempigia, tumelia, tukafokeana, nikakata, nikampigia tena. Ameniambia mengine ambayo hukuyaandika, kwamba hata kitenge anakufunga yeye.

Barua yako nilipewa siku ya onyesho, chumba cha kuvalia, nusu ya uso imepakwa rangi na nusu bado. Niliisoma meneja anagonga mlango. Nilitaka kuondoka nije, lakini umeandika usije, na mimi kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kutokutii. Basi nikapanda jukwaani, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Niliwaambia wanamuziki "Zima" haupigwi. Nikaagiza ile springi ishushwe. Wakasema haishuki, imefungwa na mashine ya kuinulia, basi ikafunikwa shuka.

Niliimba nyingine zote, sijui niliimbaje. Nikasema asanteni, usiku mwema. Hawakuondoka. Wakaanza wenyewe, kwa makofi. Tatu, kimya, moja. Kona moja kwanza, halafu uwanja mzima. Nikasimama nikaitazama mikono yote ile. Midomo inafunguka pamoja, kama ulivyoandika. Walikuwa wananipenda, dada, nyuso zao zilikuwa nzuri. Na mimi nikawa nasubiri. Nasubiri kama mjinga, nikidhani yuko mmoja, walau mmoja, atakayeachia alichoshika akimbie.

Halafu miguu ikaondoka. Sikuituma. Niliachia kipaza sauti, kikaanguka, kikapiga yowe. Nikashuka nyuma ya jukwaa, meneja akanishika bega nikamsukuma akakaa juu ya masanduku, nikafika kwenye swichi kuu ya umeme, ina mpini mwekundu, nikauvuta. Taa, spika, kila kitu. Makofi yakaendelea kidogo gizani, yakapungua, yakakoma. Fundi umeme akanimulika tochi usoni, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mkono wa mtu umeingia. Akauliza wa nani. Nikamwambia huulizi ni nani.

Nimeiambia kampuni wimbo uondolewe kila mahali. Watauondoa, kwa kuogopa magazeti, si kwa kuelewa. Na najua haisaidii, watu wanao vidoleni.

Nimekukasirikia kwa kunificha. Nimemkasirikia mama. Kujikasirikia mwenyewe, bado hata sijaanza.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nakwambia tu nilizima.

Mdogo wako


14 Oktoba

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Siku hizi redio anaizima mwenyewe, halafu anakaa anaitazama. Pacha mmoja ameanza kukaa, wa pili anamvuta chini. Kipara anakusalimu. Hawezi kunitazama ubavu wa kulia, akiongea nami anatazama sakafu, mpaka nimemwambia sakafu imefagiliwa, inua kichwa.

Habari zako zimetangazwa. Mmoja anasema umerukwa na akili, mwingine anasema ni mbinu ya kujitangaza. Niliwaruhusu wawashe redio mashineni wasikilize, mara hiyo moja. Walisimama, na vumbi la unga usoni, mpaka habari ikaisha. Hakuna aliyesema umerukwa na akili. Kila mtu mle ndani alijua ulichofanya.

Bado nina hasira, usijidanganye. Kuvuta swichi hakukuniotesha vidole. Nikishindwa kufungua chupa nakutukana. Nikichana nywele nakutukana. Nikitaka kujikuna kiwiko cha kushoto, hapo nakutukana mpaka mama anatoka nje. Nitakutukana mpaka nichoke, na sijachoka.

Umechelewa. Lakini umezima.

Sasa sikiliza. Ishara ya baba imekufa. Wewe uliiua, na mimi nikang'ang'ania kuitumia ikiwa maiti. Hilo nimelisema mara moja, usinirudishie. Tangu nitoke hospitali tunafanya kazi bila ishara. Mtu mmoja anasimama kwenye swichi asubuhi mpaka jioni, hafanyi lingine, anatutazama mikono. Haiwezekani kuendelea hivyo, macho yanachoka. Nimejaribu kengele. Nimejaribu filimbi. Nimejaribu na ile sufuria yako. Kila nikileta kitu, haupiti muda naona bega la mtu linatikisika. Watu ni wagonjwa wa kucheza, na sehemu ya ugonjwa huo umewapa wewe.

Mimi sijui wanacheza nini na hawachezi nini. Wewe unajua, ndiyo kazi yako, umelala kwenye kochi kwa ajili yake. Basi njoo ututafutie sauti ambayo hakuna mtu duniani atakayeicheza. Chukua chuma chochote, bati lolote, spana ileile. Ukae mpaka uipate.

Usije na yule fundi. Usije na kinasa sauti, nitakupekua mlangoni mbele ya foleni yote ya wateja. Ukishaipata hutaiimba, hutaiandika, hata mama hutampigia.

Nisikie yeyote anasema hapa amekuja Asali, nitamrudisha na mahindi yake. Amekuja mdogo wangu kufanya kazi. Mashine zote mbili zitakuwa zinasaga kwa nguvu. Mimi nitasimama mlangoni nimekupa mgongo, na masikio yangu haya mabovu. Wewe utapiga, utabadilisha, utapiga tena.

Nikigeuka, ndiyo hiyo.

Dada yako